Maurice Wilks

Maurice Fernand Cary Wilks (19 Agosti 1904 – 8 Septemba 1963) alikuwa mhandisi wa magari kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa gari la Land Rover, ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki huliita Landrova tu. Alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover tangu mwaka 1930, na baadaye akawa mkurugenzi mtendaji na mwenyekiti wake. Chini ya usimamizi wake ilitengenezwa injini ya petroli yenye silinda 4 na ujazo wa lita 2.25, iliyotumika katika Land Rover kuanzia mwaka 1958 hadi 1985. Injini hiyo ndiyo iliyowafundisha kazi mafundi wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda.

Maisha ya awali

Wilks alizaliwa katika kisiwa cha Hayling, pwani ya kusini ya Uingereza. Alisoma Malvern College. Kaka yake, Spencer Wilks (1891–1971), alimzidi umri kwa miaka 13, na maisha ya kazi ya ndugu hao wawili yalifungamana tangu mwanzo hadi mwisho: Spencer alishughulikia fedha na utawala, Maurice alishughulikia vyuma.

Kati ya mwaka 1926 na 1928 Maurice alifanya kazi Marekani katika kampuni ya General Motors. Huko aliona magari yakitengenezwa kwa maelfu, jambo ambalo viwanda vingi vya Uingereza vilikuwa bado havijalizoea. Aliporudi aliingia kampuni ya Hillman mjini Coventry, ambako Spencer, aliyekuwa mkwe wa mwenye kampuni, alikuwa mmoja wa viongozi. Hillman ilipoangukia mikononi mwa ndugu wa ukoo wa Rootes, Spencer aliondoka akaenda Rover. Maurice alimfuata mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 26, akapewa nafasi ya mhandisi mkuu.

Rover ya wakati huo ilikuwa na hali mbaya. Ilitengeneza aina nyingi mno za magari, nyingine zisizo na ubora, na ilikuwa inapata hasara. Ndugu hao walipunguza aina, wakaamua kuuza magari machache yaliyotengenezwa vizuri kwa watu wa kipato cha kati, kama madaktari na mameneja wa benki. Kampuni ilipona. Wanaomkumbuka Maurice Wilks humtaja kuwa mtu mpole, mwenye haya, asiyependa kupigwa picha wala kuhutubia, lakini asiyekubali kazi ya kulipua.

Injini za ndege wakati wa vita

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya Uingereza iliikabidhi Rover kazi ya kutengeneza injini ya ndege isiyotumia panga, iliyobuniwa na Frank Whittle. Ushirikiano ulikuwa mgumu. Whittle aliona kwamba wahandisi wa Rover wanabadilisha mpango wake bila ridhaa yake, nao wahandisi waliona kwamba mpango ule hauwezi kutengenezwa kiwandani bila kurekebishwa. Mwanzoni mwa mwaka 1943 mambo yalimalizwa kwa kubadilishana: Rolls-Royce ilichukua kazi ya injini za ndege, na Rover ikachukua injini ya vifaru iitwayo Meteor.

Ujuzi ule haukupotea. Mwezi Machi 1950 Rover ilionyesha gari liitwalo JET 1, la kwanza duniani kuendeshwa kwa injini ya aina hiyo. Halikuingia sokoni, kwa kuwa lilikunywa mafuta kupita kiasi.

Kuzaliwa kwa Land Rover

Vita vilipokwisha, Rover ilikuwa na kiwanda kikubwa huko Solihull lakini haikuwa na chuma cha kutosha. Serikali iligawa chuma kwa kipimo, na kampuni iliyouza bidhaa nje ya nchi ndiyo iliyopewa zaidi. Magari ya kifahari ya Rover hayakuwa na soko kubwa nje. Kampuni ilitafuta kitu cha kutengeneza, na mpango wa gari dogo la abiria uliachwa.

Jibu lilitoka shambani. Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na alitumia gari kuukuu la jeshi la Marekani aina ya Jeep kwa kazi zake. Inasimuliwa kwamba Spencer alimwuliza atafanya nini Jeep hiyo itakapokufa, naye akajibu kwamba atanunua nyingine, maana hakuna gari lingine linalofaa. Jibu hilo liliwafungua macho wote wawili. Mwaka 1947, katika ufuo wa Red Wharf Bay, Maurice alichora mchangani umbo la gari alilokuwa analiwazia.

Gari la kwanza la majaribio liliundwa juu ya fremu ya Jeep, na usukani wake ulikuwa katikati kama wa trekta. Wazo hilo la usukani liliachwa upesi. Bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini uitwao Birmabright, kwa sababu alumini ilipatikana kuliko chuma. Mabati yake yalikunjwa kwa mistari iliyonyooka ili kuepuka gharama ya mitambo ya kufinyanga. Kwa hiyo umbo lile la sanduku, ambalo leo watu hulipenda kama urembo, lilitokana na umaskini wa baada ya vita. Alumini pia haishiki kutu kama bati la chuma, faida ambayo wakazi wa pwani waliiona baadaye. Fremu, hata hivyo, ni ya chuma, na hiyo huoza.

Land Rover ilionyeshwa kwa umma tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa inchi 80, yaani sentimita 203. Kampuni ililichukulia kama gari la kuvukia kipindi kigumu cha miaka michache tu. Ndani ya miaka 2 liliuzwa kuliko magari mengine yote ya Rover.

Si haki kumpa Wilks peke yake sifa zote. Gordon Bashford alisanifu fremu, Tom Barton na Arthur Goddard walisimamia sehemu kubwa ya kazi ya uhandisi, na Jack Swaine alikuwa mtu wa injini. Wilks ndiye aliyetoa wazo na kuamua kipi kikubaliwe.

Injini ya silinda 4

Land Rover ya kwanza haikutengenezewa injini yake. Ilipewa injini ya silinda 4 ya gari la abiria la Rover 60, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,595 na nguvu farasi 50. Karibu na mwaka 1952 silinda zilipanuliwa hadi ujazo ukafikia 1,997, bila nguvu kuongezeka sana; kilichoongezeka ni uwezo wa kuvuta polepole, ambao mkulima anauhitaji zaidi.

Mwaka 1957 Rover ilitoa injini ya dizeli kwa ajili ya Land Rover. Kutokana na injini hiyo wahandisi walitengeneza ya petroli, iliyotolewa mwaka 1958 pamoja na Land Rover ya toleo la pili. Hapo ndipo penye siri ya uimara wake. Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu kubwa sana, hivyo bloku yake hulazimika kuwa nene. Bloku ya petroli ilirithi unene huo ingawa kazi yake ni nyepesi zaidi. Ni kama kumpa mtoto jembe la mtu mzima: ni zito, lakini halivunjiki mikononi mwake.

Vipimo vyake ni hivi. Kipenyo cha silinda ni milimita 90.47, na pistoni husafiri milimita 88.9 kutoka chini hadi juu. Msomaji anayependa hesabu anaweza kuzidisha mwenyewe: eneo la duara la silinda moja mara urefu wa mwendo wa pistoni mara 4 hutoa sentimita za ujazo 2,286. Nguvu yake ilitajwa kuwa farasi 77 kwa mizunguko 4,250 kwa dakika. Nguvu ya kuzungusha, ambayo ndiyo hasa inayopandisha gari mlimani, ni kama niutoni-mita 168, nayo hufikia kilele kwenye mizunguko 2,500 tu. Dereva hahitaji kukanyaga sana mafuta ili apande.

Bloku na silinda hedi zote mbili ni za chuma cha kusubu. Valvu zipo juu, nazo husukumwa na fito zinazotoka kwenye kamshafti iliyo ubavuni mwa bloku. Kamshafti huzungushwa na cheni wala si mkanda wa mpira, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Krenkshafti ilishikwa na beringi kuu 3. Mwaka 1980 ziliongezwa zikawa 5, na injini ikatulia zaidi kwenye mwendo wa kasi.

Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa ile iliyo mbele karibu na feni. Kila silinda hupitia hatua 4: kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuubana, kuulipua, na kutoa moshi. Utaratibu huo ulifanikishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Kwa kuwa silinda ni 4 na hatua ni 4, kila nusu mzunguko wa krenkshafti kuna silinda moja inayolipuka, na injini huenda bila kukatikakatika. Fundi anayekosea mpangilio wa waya za plagi atasikia mwenyewe: injini hukohoa na kurudisha moto kwenye kabureta.

Mchanganyiko hubanwa mara 7 tu ya ujazo wake. Kwa magari ya leo hicho ni kiwango cha chini sana, na ndicho kinachofanya gari linywe mafuta mengi kwa nguvu ndogo. Lakini kiliruhusu injini kuwaka kwa petroli hafifu, ambayo katika vituo vya mbali mara nyingi ndiyo iliyopatikana. Pia kiliwezesha mtu mmoja kuiwasha kwa hendeli ya mkono betri ilipokufa. Katika miaka ya 1970, Land Rover ya toleo la tatu ilikuja na injini inayobana mara 8, na nguvu ikaongezeka kidogo.

Uimara na matunzo

Husemwa mara nyingi kwamba Land Rover haiharibiki. Si kweli, na fundi yeyote aliyelala chini ya gari hilo anajua. Saidi shafti za nyuma hukatika gari likizidishiwa mzigo. Oili huvuja nyuma ya krenkshafti, kwenye giaboksi na kwenye magurudumu. Kinacholitofautisha ni kwamba karibu kila kinachoharibika huweza kufunguliwa kwa spana chache, kikarekebishwa chini ya mti na mtu mwenye akili timamu. Injini ya kisasa huharibika mara chache zaidi kuliko hii, lakini ikifa porini imekufa.

Oili ya injini ilitakiwa kubadilishwa kila baada ya maili 3,000, yaani kama kilomita 5,000. Kipindi hicho kinafaa kwa barabara safi. Penye vumbi kinapaswa kupunguzwa. Hewa huingia kupitia ea kilina yenye oili chini yake, na vumbi hunata humo. Chombo hicho hakina karatasi ya kununua dukani. Hufunguliwa, matope humwagwa, huoshwa na kuwekwa oili mpya. Wenye magari wengi husahau kazi hii ya dakika 15, kisha hushangaa ringi za pistoni zinapoisha na injini inapoanza kula oili na kutoa moshi wa bluu.

Nafasi ya tapeti ni milimita 0.25 kwa valvu zote 8, za kuingiza na za kutoa. Hupimwa kwa fila geji. Nafasi ikiwa kubwa, injini hupiga kelele ya kugongagonga. Ikiwa ndogo, valvu haifungi sawasawa na huungua. Kwa sababu hiyo mafundi wazoefu husema ni heri tapeti inayosikika kuliko iliyonyamaza. Plagi huachwa nafasi ya kama milimita 0.75, na pointi zilizo ndani ya distributa kati ya milimita 0.35 na 0.40. Pointi zilizoungua au kuziba ni chanzo cha kawaida kabisa cha gari kukataa kuwaka asubuhi.

Gari likikataa, kuna mambo mawili ya kuuliza kabla ya kufungua chochote: je, petroli inafika, na je, moto unafika? Pampu ya petroli ya injini hii ina kikombe cha kioo kinachoonyesha maji na takataka kwa macho, na wenzo mdogo wa kuvuta petroli kwa kidole bila kuwasha injini. Petroli ikijaa kwenye kikombe, fundi hugeukia umeme. Huchomoa waya wa plagi moja na kuangalia kama cheche inaruka.

Upoozaji wa maji unahitaji maelezo zaidi kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini. Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi badala ya 100. Mfuniko wa rejeta wenye springi hubana mvuke na kupandisha kiwango hicho tena. Mfuniko ukipotea na pahali pake pakazibwa kwa tambara na kipande cha mgomba, gari litachemsha kwenye kila mlima, hata kama rejeta yenyewe ni nzima.

Kosa la pili ni kuondoa thamostati. Hiki ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi hukitupa kwa imani kwamba ndicho kinachochemsha gari. Katika joto la Dar es Salaam madhara hayaonekani haraka. Lakini asubuhi ya Julai kwenye vilima vya Ramadhani, Njombe, injini isiyo na thamostati inaweza kutembea kilomita nyingi bila kupata joto lake. Petroli isiyogeuka mvuke huosha oili kwenye kuta za silinda, hushuka chini na kuichuja oili nzima. Dereva naye huacha choki imevutwa, jambo linaloongeza madhara. Injini inayokwenda baridi huisha mapema kuliko inayokwenda moto wa kiasi.

Mwinuko hupunguza nguvu pia. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini isiyo na pampu ya kuongeza hewa hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwa hiyo farasi 77 za kitabuni huwa pungufu ya 65 zikifika Njombe, na kabureta iliyopangiwa hewa ya pwani humwaga petroli nyingi mno. Plagi nyeusi zenye masizi ndizo dalili. Dawa ni kupunguza petroli kwa kuweka jeti ndogo zaidi, wala si kubadilisha plagi kila mwezi.

Jambo moja dogo limewagharimu watu klachi nyingi. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu la kumwagia oili inayovuja. Gari linapovuka mto wenye kina, tundu hilo huzibwa kwa skrubu maalumu ili maji yasiingie, na ng'ambo ya pili skrubu hufunguliwa. Ikiachwa mahali pake, oili hukusanyika ndani na klachi huanza kuteleza.

Injini iliyotunzwa hivyo huweza kufanyiwa ovahoo zaidi ya mara moja: silinda huchongwa, pistoni kubwa kidogo zikawekwa, krenkshafti ikasagwa na kupewa beringi mpya. Unene wa bloku unaruhusu.

Land Rover katika Afrika Mashariki

Land Rover iliingia Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Waingereza, ikawa gari la mabwana shamba, polisi, wamisionari na askari wa wanyamapori. Baada ya uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, magari hayo yalibaki na kazi zilezile, ila waliokaa ndani walibadilika. Kwa watu wa vijijini sauti ya injini ile ilimaanisha serikali imefika, iwe kwa chanjo, kodi au mkutano. Nchini Kenya Land Rover ziliunganishwa mjini Thika kuanzia katikati ya miaka ya 1970. Simba jike Elsa, aliyelelewa na George na Joy Adamson, alijulikana duniani pamoja na Land Rover yao.

Katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Njombe gari hili lilikuwa na nafasi ya pekee kwa sababu ya milima na mvua. Kabla ya barabara ya lami ya Makambako hadi Songea kujengwa katika miaka ya 1980, udongo mwekundu wa masika uliyashinda magari mengi yenye magurudumu mawili ya kuvuta. Kuelekea Ludewa na Makete hali ilikuwa ngumu zaidi, na ilibaki hivyo kwa muda mrefu. Land Rover 109, yenye sentimita 277 kati ya ekseli zake, ilibeba watu, viazi, mbolea na wagonjwa kwa pamoja. Idadi ya abiria iliyoandikwa na kiwanda haikuwahi kuheshimiwa, nazo saidi shafti zililipa.

Udhaifu mkubwa wa injini ya petroli ulidhihirika mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 na tena 1979. Gari lenye kula kati ya lita 15 na 20 kwa kilomita 100 lilikuwa mzigo kwa nchi isiyo na fedha za kigeni. Tanzania ya miaka hiyo ya uhaba ilifikia hatua ya kuzuia magari kutembea Jumapili alasiri. Vipuri navyo vilihitaji fedha za kigeni, na magari mengi ya serikali yaliwekwa juu ya mawe kwa kukosa kitu kidogo kama gasketi ya silinda hedi. Ni katika kipindi hicho magari ya Kijapani, hasa Toyota Land Cruiser, yalipochukua nafasi. Wenye Land Rover wengi waling'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli. Kwa kuwa bloku za aina mbili hizo ni za ukoo mmoja, kazi haikuwa kubwa.

Ubora wa magari yenyewe ulikuwa umeshuka. Rover ilinunuliwa na Leyland mwaka 1967, na mwaka uliofuata ikamezwa na shirika kubwa la British Leyland, lililokumbwa na migomo na upungufu wa fedha. Wilks hakuhusika na hayo, alikuwa ameshafariki.

Miaka ya mwisho

Katika miaka ya 1950 Wilks aligawanya muda wake kati ya Land Rover na magari ya abiria. Alijaribu pia kuunganisha aina hizo mbili katika gari lililoitwa Road Rover, lenye starehe ya gari la mjini na uwezo wa kupita njia mbaya. Mpango huo uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazo lake lilirudi kwa namna nyingine mwaka 1970 kupitia Range Rover, iliyosanifiwa na Spencer King, mtoto wa dada yake.

Mwaka 1960 alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Rover, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti, nafasi iliyoshikwa na kaka yake kabla yake. Gari la mwisho alilolisimamia lilikuwa Rover 2000. Hakuliona likizinduliwa: alifariki ghafla shambani kwake huko Newborough, Anglesey, tarehe 8 Septemba 1963, akiwa na umri wa miaka 59, na gari hilo lilitolewa mwezi Oktoba. Alimwacha mkewe, Barbara, ambaye kaka yake, William Martin-Hurst, aliiongoza Rover baada yake.

Baada yake

Alipofariki, zaidi ya Land Rover 250,000 zilikuwa zimetengenezwa. Idadi ilifika 500,000 mwaka 1966, na milioni 1 mwaka 1976. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliachwa mwaka 1985, nafasi yake ikachukuliwa na ya lita 2.5 iliyotokana na bloku ileile. Gari lenyewe, lililopewa jina la Defender mwaka 1990, liliendelea kutengenezwa Solihull hadi tarehe 29 Januari 2016. Tangu mwaka 2008 kampuni inamilikiwa na Tata Motors ya Uhindi.

Nchini Tanzania magari ya toleo la pili na la tatu bado yanatembea, mengine yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover za kila umri zilikusanyika mjini Arusha kwa tamasha lililoandaliwa kwa ajili yake, zikapanga msafara mrefu barabarani.